Je, Wajua? Faili Yako Yaweza Kugeuka PDF Bila Kutoka Kinoo

Sogea kidogo kwenye benchi, tuketi wote. Tuko Kinoo, nje ya saiba, matatu za 105 zinapita Waiyaki Way zikielekea Kikuyu, na kila baada ya dakika chache anaingia mtu na flashi mkononi: "Nisaidie kugeuza hii Word iwe PDF." Ombi la kila siku! Lakini ukilichungulia kwa ndani, limejaa maajabu yanayotoka Budapest hadi mwezini. Shika chai yako vizuri. Naanza kurusha.

HAPA NYUMBANI

Je, wajua kwamba kinoo ni neno la Kiswahili? Fungua kamusi ujionee: kinoo ni jiwe la kunolea visu. Liweke akilini, maana nitalirudia kabla hujamaliza chai.

Je, wajua kwamba ukilala Kinoo hujalala Nairobi? Kinoo ni mojawapo ya wadi 5 za eneo bunge la Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Nyingine ni Karai, Nachu, Sigona na Kikuyu yenyewe. Kwa hiyo barua ya kazi ukiituma kutoka hapa kwenda ofisi ya Westlands, imevuka mpaka wa kaunti kabla wewe mwenyewe hujafika stejini!

Je, wajua kwamba M-Pesa na faili za Word zenye mkia wa docx ni marika? Microsoft ilianza kuuzia umma Office 2007, iliyokuja na docx, tarehe 30 Januari 2007. M-Pesa ikazinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Hesabu mwenyewe: siku 35 tu kati yao!

Na ukiomba taarifa ya M-Pesa kwa barua pepe, inakuja ikiwa nini? PDF, tena iliyofungwa kwa nenosiri. Usipokuwa na nenosiri huoni hata shilingi moja iliyoingia au iliyotoka.

Sikia hii. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, Kenya ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, na tume ya uchaguzi, IEBC, ilianika fomu 34A za matokeo ya vituo hivyo kwenye tovuti ya umma. Mwananchi yeyote mwenye bando aliweza kuzipakua zikiwa PDF na kujumlisha kura mwenyewe, hata akiwa kitandani!

Mahakama nazo? Tarehe 1 Julai 2020, mahakama za Nairobi zilizindua mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni, Jaji Mkuu akiwa David Maraga. Mafaili yaliyokuwa yakibebwa mikononi yakaanza kupita hewani.

NDANI YA TUMBO LA WORD

Je, wajua kwamba Word ina miaka zaidi ya 40? Ilizaliwa Oktoba 1983. Mmoja wa baba zake ni Charles Simonyi, mzaliwa wa Budapest, na bwana huyu amekwenda anga za juu mara mbili: 2007 na 2009. Aliyekuandalia ukurasa wa barua yako amekwisha kuitazama dunia yetu kutoka juu!

Je, wajua kwamba faili ya docx si faili moja? Ni mfuko uliobanwa, na ndani yake mna vifaili vingi: maandishi huku, picha kule, mitindo pembeni. Tengeneza nakala, ubadilishe mkia wake kutoka docx uwe zip, kisha uifungue. Utaona matumbo yote nje!

Tena docx huanza kwa herufi mbili: PK. Unajua ni za nani? Ni za Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mfumo wa zip mwaka 1989. Kila wasifukazi unaotumwa leo kwa docx kutoka Kinoo umebeba herufi za jina lake mlangoni.

Sasa kaza mkanda. Je, wajua kwamba ndani ya faili ya Word kurasa hazijapangwa? Kuna maneno na maagizo tu: hapa koza, hapa katikati, hapa acha nafasi. Ukurasa unaishia wapi, kompyuta inapiga hesabu upya kila unapoifungua. Ndiyo maana barua iliyokuwa ukurasa mmoja kwako inafika kwa bosi ikiwa kurasa mbili, na sahihi yako imebaki peke yake upande wa pili!

Na karatasi nayo inachangia. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Wamarekani wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279. Programu iliyowekwa Kimarekani inakupunguzia milimita 18 za urefu kimyakimya, na mstari wa mwisho unarukia ng'ambo.

Je, wajua uzito wa karatasi moja ya A4 ya kawaida? Karibu gramu 5. Karatasi 16 za A4 hutandaza mita mraba 1, na mita mraba 1 ya karatasi ya saiba huwa na gramu 80. Gawanya upate 5. Rimu nzima ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu, kama mfuko mkubwa wa sukari!

Fonti nayo ina nguvu kuliko unavyodhani. Mwaka 2017 nchini Pakistan, wachunguzi walipewa hati za familia ya waziri mkuu zenye tarehe ya Februari 2006. Zilikuwa zimeandikwa kwa Calibri, fonti ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaanza kuuzwa kwa umma. Herufi zikatoa ushahidi!

Na Times New Roman, ile ya barua za serikali? Iliundwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuchapishwa nayo tarehe 3 Oktoba 1932. Ni shikamoo ya mwaka wa 1932 unayoiandika leo.

HERUFI ZA MAMA

Hii ni ya wenyeji wa Kinoo. Je, wajua kwamba Kikuyu kina herufi mbili ambazo Kiswahili hakina? Ni ĩ na ũ, zenye kikofia cha wimbi. Kila moja ina namba yake duniani katika orodha ya Unicode: ĩ ni 0129 na ũ ni 0169. Herufi za nyanya yako zina kitambulisho cha kimataifa!

Lakini kompyuta ikikosa fonti yenye herufi hizo, inachora kisanduku kitupu. Visanduku hivyo vimepewa jina la tofu, kile chakula cheupe cha soya. Google ikaunda familia ya fonti zinazoziba mapengo hayo na kuiita Noto, yaani "hakuna tofu".

PDF inafanya nini? Inabeba fonti ndani yake, kama msafiri anayetembea na chakula chake! Kijitabu cha mazishi kikiandikwa kwa Kikuyu hapa Kinoo, kigeuzwe vizuri kuwa PDF fonti ikiwamo, kitafika kwa mchapishaji wa River Road na kila kikofia juu ya herufi yake. Jina la marehemu litasomeka alivyoitwa na mamake. Hilo si jambo dogo.

UKURASA USIOTIKISIKA

Je, wajua PDF ilizaliwa lini? Tarehe 15 Juni 1993. Baba yake ni John Warnock wa kampuni ya Adobe, aliyeandika wazo lake likiwa na jina la Camelot: hati itoke kwenye programu yoyote, ifunguke kwenye mashine yoyote, na ionekane vilevile.

Adobe maana yake ni nini? Ni tofali la udongo lililokaushwa juani! Lakini kampuni ilichukua jina hilo kutoka kijito cha Adobe, kilichopita nyuma ya nyumba ya Warnock huko Los Altos, California. PDF yako ina asili ya mtoni.

Shika hii pia. Warnock wa PDF na Simonyi wa Word walipata kufanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti cha Xerox, Palo Alto. Word na PDF, tunazohangaika kuzipatanisha saibani kila siku, ni watoto wa boma moja!

Je, wajua kwamba zamani hata kuisoma PDF kulitaka pesa? Programu ya kusomea ilipotoka mwaka 1993 iliuzwa dola 50. Watu wakaikwepa, Adobe ikaifanya ya bure, na PDF ikasambaa kama moto wa nyika.

Docx haijui kurasa. PDF nayo haijui aya! Kinachoandikwa humo ni herufi na mahali pake: hii iketi hapa, ile iketi pale. Inchi 1 imegawanywa pointi 72, na A4 ni pointi 595 kwa 842. Kila herufi ina kiti chake, na hakuna anayeiambia isogee.

Sasa umeelewa kwa nini kurudisha PDF iwe Word ni kazi ngumu? Kompyuta inatazama herufi zilizotawanyika na kubahatisha: hii ilikuwa aya, hii ilikuwa jedwali. Kukaanga yai ni rahisi. Kulirudisha ganda ndipo penye kazi!

PDF huanza kwa alama ya asilimia na herufi PDF, na kwa kawaida huishia kwa alama mbili za asilimia na herufi EOF. Ajabu ni kwamba programu huanza kuisoma kutoka mkiani. Mwishoni ndiko kulikofichwa orodha ya mahali kila kitu kilipo, kama kitabu chenye yaliyomo kwenye jalada la nyuma.

Uko tayari? Je, wajua ukubwa wa juu kabisa wa ukurasa mmoja wa PDF unaokubaliwa na programu ya Acrobat? Upana kilomita 381, urefu kilomita 381! Hiyo ni kilomita mraba 145,161, robo ya nchi nzima ya Kenya. Ukurasa mmoja! Rwanda ingeingia humo mara tano na nafasi ibaki.

Mwaka 1993 ulizaa pia mchezo wa kompyuta wa Doom, mnamo Desemba, miezi sita baada ya PDF. Na Januari 2025, mwanafunzi mmoja wa sekondari aliuchezesha mchezo huo ndani ya faili ya PDF. Marika hao wawili walikutana wakiwa na miaka 31!

Nani mwenye PDF leo? Hakuna mmoja. Tangu tarehe 1 Julai 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 32000, na kampuni yoyote inaweza kutengeneza programu ya kuiandika. Ipo hata aina ya kutunzia nyaraka kwa miaka mingi, PDF/A, iliyowekewa kiwango mwaka 2005, ili mjukuu wako aweze kuifungua hati ya shamba.

KISWAHILI KIMO

Je, wajua kwamba Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizindua programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili? Iliitwa Jambo OpenOffice, na ilitoka kwenye mradi wa Kilinux. Menyu zote kwa lugha yetu, bila malipo!

Na OpenOffice yenyewe ilikuwa mbele kwa jambo moja. Tangu toleo la 1.1 la mwaka 2003 iliweza kugeuza hati kuwa PDF kwa kubofya kitufe kimoja. Word 2007 ilitoka dukani bila uwezo huo, kwa sababu ya mvutano kati ya Microsoft na Adobe. Ilibidi uupakue kando.

Mizizi ya OpenOffice iko wapi? Kwa kijana wa Kijerumani, Marco Börries, aliyeanzisha kampuni yake mjini Lüneburg mwaka 1985 akiwa na miaka 16. Kazi hiyo ikakua ikawa OpenOffice, na mwaka 2010 ikazaa LibreOffice inayotumika leo. Mtoto wa shule alianza, dunia ikamaliza!

SAFARI YA FAILI

Sasa tuzame. Ukiipeleka hati yako kwenye tovuti ya kugeuza, inakwenda wapi? Tovuti nyingi huipakia kwenye seva yao, na seva hiyo huenda iko bara jingine. Wasifukazi wako unatoka Kinoo, unateremka Mombasa, unaingia chini ya bahari, unageuzwa kwa watu usiowajua, kisha unarudi. Wewe umeona duara likizunguka tu!

Je, wajua kwamba kabla ya Julai 2009 hapakuwa na njia hiyo ya chini ya bahari? Intaneti yetu ilipanda kwenye satelaiti. Waya wa SEACOM ulianza kazi tarehe 23 Julai 2009, na kasi ikabadilika.

Na zamani zaidi, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine iliweza kupitia ng'ambo kwanza! Ndipo mafundi wa intaneti wa Kenya walipoanzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Kilifungwa baada ya majuma mawili kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano, kikarudi Februari 2002. Tumeipigania haki ya data ya nyumbani kubaki nyumbani!

Hebu hesabu kilichomo kwenye wasifukazi mmoja. Jina, simu, kitambulisho, wadhamini wako wawili na simu zao. Mara nyingi na PIN ya KRA: herufi A, tarakimu 9, herufi nyingine, jumla 11. Hiyo ni hati ya kurasa mbili, lakini ni wewe mzima umekunjwa ndani yake.

Machi 2025, ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo: baadhi ya tovuti za bure za kugeuza faili zinatumiwa na matapeli. Unapewa PDF yako sawasawa, na ndani ya mfuko huohuo umetiliwa kirusi. Bure ikakugharimu!

Unadhani dirisha la faragha la kivinjari litakuficha? Hapana, ndugu yangu. Linafuta kumbukumbu ya ulikopita kwenye mashine yako tu. Ulichopakia kimeshapakiwa.

ALAMA ZA VIDOLE

Je, wajua kwamba faili ya Word inakumbuka aliyeiandika? Februari 2003, ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza iliweka mtandaoni hati kuhusu Iraq ikiwa faili ya Word. Mtaalamu mmoja akaichungulia ndani, akakuta majina ya watu 4 walioihariri!

Mwaka 2005, polisi wa Wichita, Marekani, walipokea diski kutoka kwa muuaji aliyekuwa akisakwa kwa miaka 30. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya hati ya Word iliyofutwa, yenye jina "Dennis" na jina la kanisa. Akakamatwa mwezi huohuo. Faili ilisema alichokificha miaka yote!

Na usidhani kupaka rangi nyeusi juu ya maneno kunayafuta. Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort, mshauri wa kisiasa wa Marekani, waliwasilisha PDF mahakamani yenye mistari iliyozibwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakanakili maandishi, wakayabandika kwingine, na siri yote ikasomeka. Wino ulikuwa juu, maneno yalikuwa chini yamelala salama!

KIWANDA NDANI YA KIVINJARI

Haya, sasa furaha yenyewe. Je, wajua kwamba kivinjari chako, kilekile unachosomea habari, kinaweza kugeuza Word kuwa PDF bila kuipeleka faili popote? Ukurasa wa wavuti unakuletea mashine ya kugeuzia, na kazi inafanyika ndani ya kompyuta au simu yako. Mgonjwa haendi hospitali, daktari anakuja nyumbani!

Lugha iliyofungua njia hiyo ni JavaScript. Brendan Eich aliiandika Mei 1995 kwa siku 10. Siku 10! Kuna watu wanangoja fundi wa sofa kwa muda mrefu kuliko huo.

Februari 2013, kivinjari cha Firefox kilianza kuonyesha PDF chenyewe kwa kutumia JavaScript, bila programu ya pembeni. Mwaka huohuo simu za Android, kwa toleo la 4.4, zikapata uwezo wa kuchapisha na kuhifadhi kama PDF. Yawezekana simu iliyo mfukoni mwako ina kitufe hicho sasa hivi, na hujawahi kukigusa!

Kisha ikaja WebAssembly. Hii inaruhusu programu nzito, zilizoandikwa kwa ajili ya kompyuta, ziendeshwe ndani ya kivinjari. Kufikia Novemba 2017 vivinjari vikubwa vyote 4 viliipokea, na tarehe 5 Desemba 2019 ikawa kiwango rasmi cha wavuti. Hata LibreOffice nzima, mtoto wa yule kijana wa Lüneburg, imekwisha kutiwa ndani ya kivinjari kwa njia hiyo!

Simu itaweza kweli? Sikia. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya takriban kilobaiti 4. Simu ya gigabaiti 4 inaizidi mara milioni 1. Wale walifika mwezini, wewe utashindwa na barua ya kurasa mbili?

Na kivinjari ni mlinzi mkali. Ukurasa wa wavuti hauwezi kuingia kwenye mafaili yako ukachokora upendavyo. Unaiona faili ile tu uliyoichagua kwa kidole chako mwenyewe. Nyingine zote zimefungiwa nje ya mlango.

Hii inanifurahisha kila mara: mwishoni unabofya "Pakua", lakini hakuna kilichotoka mtandaoni! PDF imezaliwa kwenye kumbukumbu ya mashine yako, na kitufe kinaihamishia tu kwenye folda. Hakuna bando lililoliwa.

Bando linaliwa wapi basi? Mwanzoni, mashine ya kugeuzia inaposhuka. Kadiri mashine inavyojua mengi ndivyo inavyokuwa nzito. Lakini kivinjari huweza kuitunza, na ukirudi kesho huenda ukaikuta palepale inakungoja.

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Je, wajua kwamba faragha yako imo kwenye Katiba? Ni kifungu cha 31 cha Katiba iliyotangazwa rasmi Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010. Kinakulinda usipekuliwe na habari zako zisianikwe bila sababu.

Kisha Novemba 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, na Novemba 2020 Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza wa Kenya. Data yako ikivuja kwa namna ya kukuhatarisha, aliyeishika ana saa 72 za kumjulisha kamishna. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5!

Unadhani ni maneno matupu? Septemba 2023, shule moja hapo Uthiru, jirani zetu kabisa, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kutoka hapa unaweza kwenda Uthiru kwa miguu!

Na mhudumu wa saiba? Naye anaweza kukulinda. Mwombe afute faili yako ukimaliza, aitoe na kwenye pipa la taka la kompyuta, hayo yote mbele ya macho yako, nawe utoke kwenye barua pepe yako. Mhudumu mwema hakasiriki, anafanya hivyo hata kabla hujasema.

JARIBIO LA DAKIKA MOJA

Sasa weka kikombe chini, hili tulifanye pamoja. Fungua ukurasa wa kugeuza Word kuwa PDF unaojitangaza kwamba faili haitoki kwenye mashine. Ungoje ukamilike kufunguka. Kisha zima data na Wi-Fi, washa hali ya ndege kabisa.

Chagua faili, lakini ya majaribio, isiyo na siri. Bofya geuza. PDF ikitokea, umeiona kwa macho yako: kazi yote imefanyikia mkononi mwako, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa! Ikikwama na kulilia mtandao, huenda ukurasa huo ulikuwa ukitegemea mashine ya mbali.

Ukipenda usalama wa kufunga na komeo, hati yako ya kweli igeuze ukiwa bado kwenye hali ya ndege. Ukimaliza funga ukurasa, ndipo uwashe data. Halafu ifungue PDF uikague: vikofia vya ĩ na ũ viko juu? Sahihi iko ukurasa uleule? Basi itume.

Lile neno nililokuomba uliweke akilini, bado unalo? Kinoo, jiwe la kunolea. Mpishi mwenye jiwe mlangoni hamkabidhi mpita njia kisu chake akakinoe ng'ambo. Anainama, anakipitisha mara tatu, anaendelea kukata sukuma wiki. Simu yako ndilo jiwe hilo, na umekuwa nalo mfukoni muda wote tulioketi hapa.

Haya, 105 hiyo imesimama. Panda, na utakapofika nyumbani ujaribu.